Dalia Chini ya Goti la Komanda

Wadogo zangu mnaoshika jembe na sekateri kwenye maua ya watu, mliniomba niwaandikie jinsi nilivyoifanya kazi hii. Nimestaafu majuzi tu, na mkono bado unatafuta cha kung'oa. Juzi niling'oa majani kwenye uwanja wa kanisa mpaka shemasi akaniuliza ni nani amenituma. Basi afadhali niandike. Habari za cheo msitarajie, kwa sababu bustani ya nyumba moja ina mfanyakazi mmoja, naye ndiye mkubwa na ndiye mdogo. Nitawaambia habari za maua na za watu wawili waliokuwa wenye maua hayo.

Jina langu ni Kavugho, na kwetu ni Alimbongo. Kule tulilima viazi, maharage na kabichi, na ua tulilolijua ni lile la kiazi, ambalo likitokea unajua tu kwamba chakula kinakuja. Nilipofika Butembo nilipata kazi kwa Madame Masika, mjane, mkuu wa shule ya msingi, aliyekuwa na nyumba kando ya barabara upande wa Bulengera. Mbele ya nyumba yake kulikuwa na matuta manne ya maua, na watu waliokuwa wakipanda kile kilima na mizigo kichwani walipumzika pale pale bila kujua kwa nini wamepachagua.

Siku ya kwanza alinipa kikapu cha mizizi minene, akaniambia, "Kavugho, ugawanye hizi, kiisha upande ku tuta ya mbele." Akaenda shuleni. Mimi nilivyotazama ndani ya kikapu niliona viazi. Nikafanya kama baba alivyonifundisha: nikavikata vipande vipande, nikavipaka majivu, nikavipanda kwa mstari ulionyooka kama uzi. Nilijisikia fundi. Niliona hata aibu kidogo kwamba kazi yenyewe ni nyepesi hivi.

Majuma manne baadaye vilikuwa vimechipuka vipande tisa katika tuta zima. Madame hakunigombeza. Alichimba kipande kilichooza, akakiweka katikati ya kiganja changu, kinanuka vibaya, akanionyesha.

"Kirayi, ile kiazi yako, iko na macho mwili muzima," akasema. "Dalia iko na jicho ku shingo tu, pale inashikamana na shina. Ukiitosha shingo, ukiikata, umeizika muzima."

Zilikuwa dalia, maua yenye mizizi kama viazi, tena za mama yake mzazi. Nilitaka kulia. Akaniambia nilie kesho, leo kuna vipande tisa vya kumwagilia. Miaka miwili ilipita kabla tuta lile halijajaa tena, na tangu siku ile sijawahi kugawanya dalia bila kuacha kipande cha shina la zamani kwenye kila mzizi. Andikeni hilo mahali ambapo hamtalisahau.

Alinifundisha mengi kwa namna hiyo. Sekateri, mkasi wetu wa matawi, ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kurudi mfukoni. Waridi limwagiliwe miguuni, si kichwani. Mbuzi wa jirani asipigwe jiwe, afukuzwe kwa ufagio, kwa sababu jiwe linavunja ua na mbuzi anabaki mzima. Jambo moja tu hakunifundisha, nalo ni kukata. Alikuwa mwoga wa kukata. Kila tawi lilikuwa na haki yake ya kukua linavyotaka, na kwa hiyo maua yetu yalikuwa marefu, mazuri, na yalilala chini kila mvua ya mawe ilipopiga, tukawa tunayainua na kuyafunga kwenye vijiti kama wagonjwa.

Kisha vita vikaja. Sitavieleza, maana ninyi nyote mna mzee nyumbani wa kuwaeleza, na kila mmoja ana vyake. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na barabara ya Beni ilifunguka na kufungwa kama mlango usio na kitasa. Shuleni kwa Madame madawati yaligeuka kuni za wapiganaji. Akawa anafundisha watoto wachache barazani kwake, na wakati wa mapumziko alikuwa anakuja kwenye matuta kunisumbua.

Ni wakati huo huo alipotokea Muzee Katembo. Alikuwa veterineri wa Beni, mjane kama yeye, mtu mwembamba mwenye kofia ya majani, aliyekuwa anapanda Butembo kutafuta dawa za mbuzi na ng'ombe. Alisimama kwenye uzio wetu wa miti akauliza lile ua jekundu linaitwaje. Madame akamwambia ni dalia. Juma lililofuata akauliza tena. Mara ya tatu nilikuwa nimeinama pale pale, nikamsikia akiuliza kwa sauti ya mtu anayesikia jina hilo mara ya kwanza maishani. Sikuhitaji shule kujua kwamba veterineri anayekumbuka magonjwa yote ya ng'ombe hawezi kusahau jina la ua moja mara tatu.

Mwaka haukuisha wakapatana kuoana. Watoto wa Madame hawakufurahi. Mkubwa wao alikuja akakaa sebuleni, nami nilikuwa nafagia baraza, kwa hiyo nilisikia bila kutafuta.

"Mama, mu hii vita? Na hii miaka yako? Batu batacheka."

"Bacheke," Madame akasema. "Inapita miezi batu habajacheka. Lakini nitaingia mu kanisa na maua ya lupango, ya kiwanja yangu mwenyewe, mu mikono. Hakuna mutu atasema naenda kwa bwana juu ya njaa."

Wakapanga arusi, na mimi nikapanga dalia. Nilihesabu majuma kwa vidole nikaona kufikia juma la arusi zitakuwa zimefunguka zote. Zilikuwa zimefika kifuani kwangu, na vichwa vyake vya kwanza vilikuwa vimeanza kuonyesha rangi.

Yakiwa yamebaki majuma saba, wapiganaji waliweka kituo chao hatua chache juu ya nyumba yetu. Komanda wao alikuja asubuhi na vijana watatu wenye mapanga. Alikuwa mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na kila mlango wa Butembo alikuwa anauinamia.

"Bamama," akasema, "kila kitu kando ya barabara yenye kupita goti, ikatwe leo. Adui anaweza kujificha humu."

Mimi nilitazama dalia. Adui wa kujificha pale angekuwa kuku. Madame hakunyamaza, maana ukuu wa shule hauishi hata madawati yakiungua.

"Goti ya nani?" akauliza.

"Namna gani, goti ya nani?"

"Huyu kijana wako goti yake iko hapa. Yako iko pale. Amri inasema goti ya nani?"

Vijana walimtazama Komanda. Komanda alitazama mguu wake mwenyewe, na nadhani hapo ndipo ilipomwingia kwamba hakuna goti lingine ambalo mkubwa angeweza kulitaja mbele ya watu wake.

"Yangu," akasema.

Nilileta kijiti, nikaomba ruhusa, nikakisimamisha kando ya buti lake na kukiwekea alama ya mkaa. Nikamwomba pia vijana wasikate kwa panga, nitakata mwenyewe. Akasema nikate sasa hivi huku anatazama.

Nilikata. Madame aliingia ndani akafunga dirisha. Kila shina nililikata juu tu ya mahali majani mawili yanapokutana na shina, kwa sababu nilikuwa nimeona panga lao lilivyoacha mashina ya jirani yamepasuka, na hayo nilijua yataoza. Vichwa vyenye rangi vilianguka miguuni kwangu. Nilipomaliza, bustani nzima ilikuwa kama kichwa cha mwanafunzi aliyepatikana na chawa.

Alasiri Madame alitoka, akaokota kichwa kimoja chenye rangi. "Pengine Mungu ananiambia nikae vile niko," akasema. "Nitamwandikia Katembo."

"Madame, usimwandikie."

"Juu ya nini?"

Nikamwambia, "Nipe juma mbili."

Juma la pili niliinama kwenye shina la kwanza, nikaona pale majani mawili yalipokutana machipukizi mawili, moja kila upande. Shina la pili vivyo hivyo. Nilikimbia kumwita barazani mbele ya watoto wake wote wa shule, na wao wakaja pia, likawa somo la siku ile. Shina lililokuwa na kichwa kimoja sasa lilitaka kutoa viwili, na mengine matatu. Ninyi leo mnajua kwamba dalia inakatwa ncha makusudi ili izae. Mimi nilifundishwa na mtu mwenye bunduki ambaye hakujua kwamba anafundisha.

Barua kwa Muzee Katembo haikuandikwa. Lakini hesabu yangu ilikuwa na tatizo. Machipukizi yalikua haraka, na kila Alhamisi Komanda alikuja mwenyewe kukagua, anatembea juu ya njia ndogo katikati ya matuta huku mkono umening'inia kando ya goti. Majuma mawili kabla ya arusi maua yangepita alama ya mkaa, na yakikatwa tena wakati huo yasingerudi kabla ya arusi.

Amri ilisema chini ya goti. Haikusema Komanda asimame wapi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na lundo la kokoto na udongo mwekundu uliobaki tangu nyumba ilipojengwa. Kila Ijumaa, mara tu baada ya ukaguzi, nilichota karai nne, nikazimwaga kwenye njia, nikashindilia kwa miguu na kumwagia maji. Juma lililofuata karai nne tena, mara nyingine tano. Njia ikapanda polepole, na goti la Komanda likapanda nayo. Madame aliniona siku ya kwanza, akauliza nafanya nini. Nikasema matope yamezidi. Akatazama mbingu, haikuwa na wingu, akarudi ndani. Majuma machache baadaye alikuja na karai yake mwenyewe.

Alhamisi moja, siku tisa kabla ya arusi, dalia zilikuwa zimejaa vichwa, vingine tayari vimefunguka. Lango letu la kuingilia kwenye njia ile lilikuwa na mti umelazwa juu, na Komanda alikuwa anapita chini yake kwa kuinama kidogo, kama alivyozoea. Siku ile aliinama kama alivyozoea, akagonga kichwa. Bereti ikaanguka.

Hakuiokota. Alitazama mti ule, akatazama miguu yake, akatazama njia yote mpaka barazani, kisha akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshika sekateri na nilitamani ningekuwa nimeshika kitu kingine, Biblia kwa mfano.

"Mama. Hii njia inapanda?"

"Komanda, matope ilikuwa mingi."

"Matope."

"Ndiyo, Komanda."

Kijana wake mmoja alianza kucheka akajizuia, na kule kujizuia kulinitia hofu zaidi kuliko kama Komanda angefoka. Watu walikuwa wamechapwa viboko pale kituoni kwa makosa madogo kuliko haya.

Madame akatoka barazani. Watoto alikuwa ameshawarudisha kwao. Akasema, "Ni mimi. Kavugho anafanya kazi yangu. Siku ya posho, ile Jumamosi ya juma inakuya, naolewa, na nataka hii maua mu mikono. Kama ni makosa, ni makosa yangu."

Komanda akageuka. "Nani anaolewa?"

"Mimi."

"Weye, mama?"

"Unaona mwingine hapa?"

Alianza kucheka polepole, mabega kwanza, halafu akashindwa akaketi kwenye ngazi ya baraza, na vijana wake wakapata ruhusa ya kucheka pia. Nilikuwa sijasikia wanaume wengi wakicheka kwa pamoja muda mrefu sana. Mimi sikucheka. Nilikwenda kuokota bereti nikaipangusa udongo.

"Sawa," akasema alipopata pumzi. "Maua ibakie mpaka lundi. Lundi asubuhi yote chini ya goti, na goti itapimwa ku barabara. Na hii kokoto yote, Mama wa matope, utaitosha na karai yako, utajaza mashimo ya barabara mbele ya kituo."

Jumamosi ile Madame Masika aliingia kanisani na dalia mikononi, nyekundu, za njano na zile za zambarau zenye ncha nyeupe. Zilikuwa ndogo kuliko za miaka mingine na mashina yake mafupi, lakini zilikuwa nyingi hata tukapamba meza ya mchungaji, kofia ya Muzee Katembo, na baiskeli ya mtu tusiyemjua aliyeiegemeza karibu. Mtoto wake mkubwa alikaa mstari wa mbele. Korali ilipoimba, nilimwona anafuta macho, kisha akatazama kama kuna aliyemwona, nami nikatazama pengine.

Jumatatu nilikata, na Jumanne na Jumatano nilibeba kokoto. Mashimo yale yalijaa vizuri. Sijawahi kufanya kazi ya serikali nyingine yoyote.

Barabara ilipotulia kidogo, Muzee Katembo alikuja kutuchukua kwenda Beni, maana huko ndiko nyumba yake na wagonjwa wake wenye mapembe. Madame alisema haendi bila mimi, na mimi nilisema siendi bila dalia. Tulichimba mizizi yote, tukaiweka kwenye magunia mawili ndani ya majivu na majani makavu, tukapanda lori juu ya kabichi. Kwenye bariyeri moja askari alitumbukiza mkono ndani ya gunia. "Birayi gani hii?" akauliza, na kabla sijajibu alikuwa ameshauma. Alitafuna mara mbili, akatema, akatuambia tupite haraka na sumu yetu.

Nyumba ya Muzee ilikuwa upande wa kwenda Mavivi, mahali ndege ndogo zinapita chini hata unaona magurudumu. Ardhi yake ilikuwa nyeusi na nene, nikafurahi sana nilipoishika. Nikapanda kila kitu kama Butembo. Joto la Beni halikunisamehe. Dalia zilitoka nyembamba na ndefu, majani yakashika unga mweupe, na mvua ilipoanza mizizi ikaoza ardhini mmoja baada ya mwingine. Waridi zikapata madoa meusi. Miezi sita, na magunia yote mawili yalikuwa yamekwisha. Zile zilikuwa dalia za mama yake, zilizopona kisu changu na panga la vita.

Madame hakulaumu mtu. Alikaa tu barazani na mikono juu ya mapaja. Siku moja wakati wa chakula cha mchana akasema, kama mtu anayeongea na sahani, "Tungerudi tu Butembo."

Muzee Katembo aliacha kula. Nilijua alivyosikia: hakusikia habari za maua. Alivaa kofia, akawasha pikipiki, akaondoka, na Madame akabaki anaangalia mlango.

"Nimesema nini?" akaniuliza.

"Umesema maua, Madame. Yeye amesikia ndoa."

Akaweka mkono mdomoni.

Muzee alirudi kabla ya jua kutua, na kwanza hatukumwona yeye, tuliona kichaka kinachokuja juu ya pikipiki. Alikuwa amepita kwa kila mfugaji aliyewahi kumtibia mnyama, akaomba tawi la kitu chochote kinachotoa ua. Alikuwa na bugenvilia aliyokwaruzwa nayo mpaka damu, haibiskasi, matawi ya mti wenye maua ya njano, na mengine ambayo niliyatambua mara moja kuwa ni miti ya uzio isiyotoa ua tangu dunia ianze.

"Veterineri hajui majani," akasema, bado ameketi juu ya pikipiki. "Donc basi nimeleta yote."

Madame alimtazama, majani kwenye kofia, tawi moja limetoka kwenye kola ya shati, na akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tufike Beni. Akamtoa tawi kwenye kola. Akamwambia, "Katembo, mimi siende fasi yoyote." Kisha akaniambia nilete jembe.

Nilipanda yote, hata miti ya uzio, kwa sababu kuna siku ambayo fundi anafunga mdomo. Beni si Butembo: kule nilikuwa nabembeleza ua litoke, hapa nilikuwa nalibembeleza lisimame. Tawi unalochomeka leo, ukienda kuzika mtu Lubero na kurudi, unakuta limefika dirishani. Ilinibidi nijifunze kazi upya nikiwa mtu mzima, na mara hii mwalimu hakuwepo, maana Madame naye alikuwa mwanafunzi. Tulikosea pamoja. Bugenvilia iliangusha bomba la maji ya mvua. Haibiskasi tuliipanda kivulini mwaka mzima tukiilaumu kwamba ni mvivu. Lakini ukuta wa mbele ukawa zambarau kuanzia juu mpaka chini, na watu wa Mavivi wakaanza kupumzisha mizigo yao pale.

Vita viliondoka vikarudi kwa majina mengine, na kuna miaka ambayo kazi yetu yote ilikuwa kufagia majani na kusubiri. Nilibaki kwao mpaka mgongo uliposema basi.

Siku yangu ya mwisho walikuwa wote wawili uani, wazee sasa, kila mmoja na fimbo yake, wanagombana juu ya tawi moja la haibiskasi. Madame alitaka likatwe. Muzee alisema litatoa ua kabla ya Jumapili, lina haki ya kungojewa. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu, nikawaaga. Hawakunisikia. Nikaaga tena kwa sauti.

Madame aligeuka. "Kavugho, kuya kwanza. Twambie, kati yetu nani iko na haki?"

Niliweka mfuko chini nikaenda kutazama. Wote wawili walikuwa wamekosea: upande wa ukuta ua lilikuwa limeshafunguka.